Kioo cha Mzani Kinapepesa

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza mzani wa kupimia korosho hapa Masasi, kwa ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) na kioo cha kuonyesha namba chenye chipu ya ILI9341. Programu ya kioo nimeiandika mwenyewe. Uzito ukibadilika nafuta kioo chote kwa rangi nyeusi, nukta (pikseli) moja moja, halafu naandika namba upya. Kinajaa taratibu, kinapepesa, mkulima hasomi kitu. SPI, njia ya nyaya inayopeleka data kwenye kioo, iko 10 MHz. Niipandishe hadi 40?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwendo uache hapo kwanza, tuhesabu unachokituma.

Kioo hicho kina nukta 240 kwa 320, yaani 76,800, kila moja baiti 2 za rangi. Lakini ukichora nukta peke yake, lazima kwanza uielekeze chipu mahali: amri 2A na baiti 4 za safu, 2B na baiti 4 za mistari, kisha 2C ndipo rangi ifuate; kila amri yenyewe ni baiti 1. Baiti 13 ili kupeleka 2! Kioo kizima kinakula baiti 998,400, karibu sekunde 0.8 kwa 10 MHz. Fungua dirisha, yaani eneo la kuchora, mara moja kwa kioo chote, mwaga rangi zote mfululizo: zinabaki 153,611, kama sekunde 0.12.

Hata hivyo mimi nisingefuta kioo kabisa. Kupepesa kunatokana na ule weusi unaopita kati ya namba ya zamani na mpya. Mzani ukitoka kilo 62.4 kwenda 62.5, imebadilika tarakimu moja tu. Tunza namba iliyopita, linganisha tarakimu kwa tarakimu, chora iliyobadilika. Iandae kwanza ndani ya memori pamoja na rangi ya nyuma yake, ndipo uitume kwa mkupuo mmoja. Itaifunika ya zamani bila kufuta chochote. Tarakimu ya nukta 24 kwa 40 ni baiti 1,920. Milisekunde moja na nusu hivi, kwa mwendo uleule!

Maelezo ya kiwanda ya ILI9341 yanaruhusu 10 MHz kuandika. Wengi wanaikimbiza 40 na inakubali, ila nyaya ndefu huleta nukta za ajabu, na namba ikisomeka vibaya ghalani ni hela ya mkulima inayopotea. Usibahatishe hapo.

Jaribu hasa 99.9 kwenda 100.0, maana tarakimu zote zinasogea. Itengee kila moja nafasi yake, na nafasi tupu ichore nyeusi.