Mlio kwenye hedifoni za kompyuta ya mezani: usinunue mazabodi kabla hujajua unaingilia wapi

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Kompyuta ya mezani ya mtumba, hedifoni umechomeka jeki ya mbele, unasikia chenga na mlio kama wa nyuki unaopanda kila ukisogeza mausi au ukishusha ukurasa. Umeshabadilisha hedifoni mara mbili, na fundi amekwambia mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imekufa upande wa sauti. Naomba hiyo hela usiitoe kwanza. Nimeishi na tatizo hili karibu mwaka mzima na nimelijua kwa kukosea, ndiyo maana jibu langu litakuwa refu.

Mimi niko Tanga, kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wanarekodi watu, wananitumia sauti, naandika neno kwa neno. Kwenye kazi hii "atalipa" na "hatalipa" vinatenganishwa na pumzi moja tu. Mzee anaongea kwa sauti ya chini, upepo unapiga kinasa sauti, na ile "h" ikimezwa na mvumo wa kompyuta, umemwandikia mtu jambo ambalo hakulisema. Kwa hiyo kwangu mlio kidogo haukuwa kero ya kuvumilia. Niliutafuta mpaka nikaupata, na kumbe ilikuwa milio miwili yenye vyanzo viwili. Hilo ndilo lililonipotezea muda: kila nikitibu mmoja, mwingine unabaki, naona kama sijafanya kitu.

Anza hivi. Chomeka hizo hedifoni kwenye simu. Zikiwa kimya huko, ziache, hazina kosa. Rudi kwenye kompyuta, usicheze chochote, sikiliza ukimya. Sasa zima sauti kabisa kwenye Windows. Kama mlio unaendelea vilevile hata sauti ikiwa imezimwa, basi hautoki kwenye faili wala programu. Unaingia baada ya sauti kugeuzwa kuwa umeme wa kwenda masikioni, yaani kwenye waya, jeki au njia ya ardhi ya mashine (bati na nyaya za kurudishia umeme). Kama unakatika, fungua mipangilio ya sauti utazame maikrofoni. Zipo kompyuta ambazo maikrofoni imewashwa ijisikilizishe yenyewe kwenye hedifoni, tena imeongezewa nguvu desibeli 20 au 30, na unachosikia ni feni ya chumbani kwako. Ukiizima, umemaliza.

Na kama kuna mikwaruzo ya kukatika-katika inayotokea wakati tu muziki au video inacheza, ukimya ukiwa safi, hilo ni jambo jingine: kompyuta inachelewa kupeleka sauti, mara nyingi kwa sababu ya draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), hasa ya Wi-Fi. Zima Wi-Fi kwa dakika tano usikilize. Ipo programu ya bure inaitwa LatencyMon inayokuonyesha draiva ipi inachelewesha. Kwa maelezo yako sidhani kama ndiko uliko, kwa hiyo sikai hapo.

Wako unafuata mausi. Hiyo ni dalili nzuri kuliko unavyofikiri, kwa sababu inasema wazi kinachotokea. Ukisogeza mausi au kushusha ukurasa, prosesa na kadi ya picha zinaamka, zinavuta umeme kwa kupandisha na kushusha haraka sana, na kelele ya huo umeme inavuja kwenda kwenye njia ya sauti. Swali ni inavukia wapi.

Chomoa hedifoni mbele, zungusha kasha, chomeka nyuma kwenye tundu la kijani. Hilo la kijani limelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Lile la mbele linaletewa sauti na waya mwembamba unaosafiri ndani ya kasha lote, mara nyingi ukipita chini ya kadi ya picha na kando ya nyaya za pawasaplai (boksi la umeme la kompyuta), na kwenye makasha mengi waya huo hauna hata gamba la kuzuia kelele. Kwangu kuhamia nyuma tu kuliondoa sehemu kubwa ya mlio wa mausi. Miezi nilikuwa nimeshaimaliza nikinunua hedifoni.

Ukitaka jeki ya mbele ibaki, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua ubavu. Fuata waya kutoka kwenye jeki mpaka kwenye mazabodi. Unaishia kwenye pini tisa, na plagi yake imeandikwa HD AUDIO. Makasha ya zamani yana plagi ya pili kwenye waya huohuo iliyoandikwa AC'97, hiyo iache ining'inie. Hakikisha ya HD imekaa mpaka mwisho, kwa sababu ikilegea upande wa ardhi mlio unaweza kuongezeka. Kisha ondoa waya kwenye kadi ya picha, uupitishe ukingoni mwa kasha, mbali na nyaya nene. Pawasaplai yenyewe usiifungue hata kidogo, inabaki na umeme ndani hata ikiwa imechomolewa.

Ukishafunga kasha na kuwasha tena, chomoa vitu vya USB kimoja kimoja huku unasikiliza. Mimi nilikuwa nachaji simu kwenye USB ya mbele, iliyo kando kabisa ya jeki ya sauti, na ilikuwa inaongeza ukwaruzo wake. Simu yenyewe pia iweke mbali na waya wa hedifoni. Sote tuliokulia kwenye redio tunaujua ule mlio wa "tit-tiriti-tit" unaotangulia simu kuita. Ni mawimbi ya simu yanaingia kwenye waya, na hedifoni nazo zina waya.

Sasa nije kwenye mlio wa pili, ambao naamini watu wengi kwetu wanao na hawajui.

Baada ya kuhamia nyuma nilinunua miksa ndogo, kifaa cha kuchanganya na kugawa sauti, ili mimi na mwenzangu tusikilize pamoja tunapohakiki. Nikavuta waya kutoka tundu la kijani kwenda kwenye miksa, hedifoni mbili zikatoka kwenye miksa. Ukaja mvumo mpya, mzito, "mmmmm", usiobadilika hata mausi ikitulia. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wa namna hiyo ni sauti ya umeme wenyewe wa ukutani. Nikabadilisha waya wa sauti mara mbili. Ukabaki.

Nilichokuwa nakiona kila siku bila kukitilia maanani ni kwamba nikigusa kasha la kompyuta kwa mgongo wa mkono, nikiwa peku sakafuni, nasikia kitu kinanitekenya. Testa ikigusa bati inawaka. Nilidhani ndivyo kompyuta zilivyo.

Kompyuta yangu ilikuja na waya wake wa Ulaya, plagi nene ya duara yenye miguu miwili. Soketi zetu ni za pini tatu za bapa, za Kiingereza. Unajua tunavyofanya: unasukuma kalamu kwenye tundu la juu ili vifuniko vya chini vifunguke, kisha unasukuma ile miguu miwili mpaka inaingia. Kompyuta inawaka. Lakini plagi ile ya duara inapokea waya wa ardhi kupitia bati za ubavuni mwake, na soketi ya pini tatu haina kitu cha kugusana na bati hizo. Kwa hiyo kompyuta inafanya kazi bila ethi (huo waya wa ardhi) kabisa.

Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazochuja kelele, moja kutoka waya wa moto kwenda kwenye bati la kasha, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bati hilohilo. Zimewekwa kwa kutegemea kwamba bati limefungwa ardhini, kelele iteremke huko. Ethi ikikosekana, bati linaelea katikati ya nyaya mbili, karibu na nusu ya volti za ukutani. Kwenye umeme wa volti 230, hiyo ni kama 115. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana inatekenya tu badala ya kukurusha. Lakini umeme huo unatafuta njia. Miksa yangu ilikuwa na plagi ya pini tatu iliyofika ardhini, na njia pekee kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye miksa ilikuwa ni gamba la waya wa sauti. Ukapita humohumo, nasi tukausikiliza.

Dawa haikuwa ya gharama. Ule waya wa umeme unachomoka nyuma ya pawasaplai, na kichwa chake ni kilekile kwenye karibu kompyuta zote za mezani. Nilinunua waya kama huo wenye plagi ya pini tatu na fyuzi yake. Kisha nikamwita fundi umeme apime soketi, na hapa ndipo nilipoumia zaidi: tundu la ethi lilikuwepo, lakini nyuma yake hapakuwa na waya wowote. Nyumba ya kupanga, soketi nzuri, ndani hewa. Mwenye nyumba alielewa, fundi akazamisha fimbo ya shaba nje na kuvuta waya wa kijani na njano mpaka kwenye bodi na soketi za chumba changu. Siku ile ile kasha liliacha kutekenya na mvumo ukakatika. Nakusihi ulichukulie hili kwa uzito hata kama mlio haukusumbui, kwa sababu siku waya wa moto utakapogusa bati ndani ya kifaa, ethi ndiyo inayofanya umeme ukatike badala ya kukusubiri wewe uguse.

Unaweza pia kukutana na kinyume chake: kompyuta ina ethi, spika au miksa ina ethi, lakini kila kimoja kiko kwenye soketi yake mbali na mwenzake, mvumo unabaki. Viweke vyote kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu. Ukibaki bado, kuna kidude kidogo chenye transfoma mbili ndani kinachokaa katikati ya waya wa sauti, kinapitisha sauti na kukata njia ya ardhi. Utasikia watu wanashauri ukate pini ya ethi kwenye plagi. Ni kweli mvumo unaweza kuisha. Usifanye, na mtoto wa nyumbani asifanye.

Kadi ya sauti ya USB nayo utaambiwa. Nilinunua ya shilingi 15,000 kabla sijayajua haya yote. Nilipoichomeka kwenye USB ya mbele, mlio wa mausi ulikuja nayo, kwa sababu inakula umeme uleule mchafu wa kompyuta. Nilipoihamishia USB ya nyuma kwa waya wa kurefusha wa mita moja, ikatulia vizuri. Ni msaada mzuri kama jeki za mazabodi kweli zimekufa, lakini iwe hatua ya mwisho.

Kama nyuma kijani bado kuna mlio kidogo wa mausi, fanya jaribio hili: kwenye mpango wa umeme wa Windows, weka kiwango cha chini cha prosesa kiwe asilimia 100. Prosesa ikiacha kusinzia na kuamka, kelele mara nyingi inapungua. Ikipungua umethibitisha chanzo, kisha rudisha ilivyokuwa, maana mashine itachemka na uniti za umeme za LUKU zitakwenda bure.

Mambo mawili madogo. Kwanza, kama hedifoni zako ni za simu, zenye plagi ya mistari mitatu, na tundu la kompyuta ni la hedifoni tupu, ardhi inaweza isikae vizuri. Dalili yake haifanani na nyingine yoyote: sauti ya mwimbaji inapotea, vyombo vinabaki kama vinatoka ndani ya pipa, na ukibonyeza kitufe cha maikrofoni sauti inarudi. Dawa ni adapta ya kugawa, au hedifoni zenye plagi ya mistari miwili. Pili, sisi wa pwani chumvi inakula jeki. Ukizungusha plagi na mkwaruzo ukafuata mkono, tia spiriti ya mafundi simu kwenye plagi, ichomeke na kuizungusha mara kumi kompyuta ikiwa imezimwa, acha ikauke. Mafuta ya aina yoyote usitie.

Na kama una UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) ya bei ya chini, usipime ukiwa kwenye betri. Umeme unaotoka hapo hauna umbo laini kama wa ukutani, na unaleta mngurumo wake.

Leo jioni chomeka nyuma kijani, chomoa simu kwenye USB, kisha gusa bati la kasha kwa mgongo wa mkono huku unasikiliza. Niandikie hapa mlio umebadilikaje kwa kila hatua, na plagi yako ya umeme ina miguu mingapi.