Kilowati 15 za kwenye lebo

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nabuni jenereta ya kilowati 10 kwa ndege ndogo ya injini ya pistoni. Shafti inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Kuna muuzaji ana mota ya droni ya kilo 2, imeandikwa kilowati 15. Nikiizungusha kwa injini haitanifaa? Fundi mmoja ananishauri niibadilishe sumaku, niweke kali zaidi.

JIBU: Marahaba. Haitakufaa. Kilowati 15 hizo ni za sekunde chache, tena mota ikipulizwa na propela yake yenyewe. Wewe utaifunga nyuma ya injini ya moto. Hata ufanisi wake ukifika asilimia 90, ukitoa kilowati 10, kama kilowati 1.1 nyingine inageuka joto: pasi ya nguo inayowaka mfululizo ndani ya donge la kilo 2. Ukipanda mita 5,500, kanieneo ya hewa imebaki nusu, na hewa nyembamba haipozi vizuri.

Ukubwa wa jenereta huamuliwa zaidi na toki, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, kuliko kilowati. Kwa mizunguko 6,000 unahitaji nyutoni-mita 16. Kwa 24,000, nne tu. Fikiria gia ya kuongeza mizunguko, ila na yenyewe ipime kwenye mizani.

Sasa sumaku, maana hapa ndipo mafundi wa kubahatisha wanaponichosha. Sumaku kali ya kawaida, ya neodimiamu, huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo hiyo "kali zaidi" huwa kali ikiwa baridi. Baya zaidi, sumaku haina swichi. Koili ikipiga shoti angani na injini bado inazunguka, sumaku itaendelea kuulisha moto huo umeme. Jenereta za Boeing 787, kVA 250 kila moja (kVA ni kipimo cha uwezo wa umeme, jamaa wa kilowati), mbili kwa kila injini, zinapozwa kwa mafuta na rota zake kuu, yaani sehemu zinazozunguka, ni za koili badala ya sumaku: ukikata mkondo wa rota, umeme umekufa. Waliozibuni hawakushindwa kununua sumaku.

Nanyi wengine mnaotumiwa matangazo ya kilowati kwa kilo, ulizeni: kwa muda gani? Inapozwa na nini? Kilo hizo zimehesabu rektifaya (kifaa cha kugeuza umeme wa AC kuwa DC), pampu na rejeta? Daini karatasi ya jaribio la saa nzima kwa mzigo kamili, joto la koili likiwa limeandikwa. Muuzaji akileta video ya balbu zinawaka, msimlipe.