Jina langu halipo hata kwenye sanduku la barua

SWALI: Shikamoo Dada. Mi nipo Ujerumani, mji wa Kassel, nina miaka 29. Mume wangu ni muuguzi hospitali moja ya hapa, yeye alitangulia miaka miwili mi nikabaki Tanga nafundisha shule ya msingi, nikamfuata mwezi wa kumi mwaka jana. Nyumba nimeikuta imeshapangwa kila kitu, kitanda, sofa la mtumba, mapazia, hadi masufuria kanunua yeye. Nashukuru kwakweli maana najua alijibana sana, ila miezi minne sasa bado najiona kama nimekuja kusalimia tu. Yeye shifti, leo usiku kesho mchana, akirudi analala. Mi nashinda ndani, saa kumi na moja jioni na kitu giza lishaanza, nawasha taa nakaa.

Sasa yametugombanisha mambo mawili. La kwanza, chumbani nyuma ya kabati ukutani kumeota fangasi nyeusi, yeye anasema ni mi napika sana na kuanika nguo ndani, halafu nikifungua dirisha anasema namwaga hela ya hita nje, sasa nishike lipi? La pili ndo limeniuma. Nilikuwa nasubiri barua kutoka ofisi ya wageni ya kuitwa kuhusu kibali changu, haiji, haiji, kumbe ilitumwa ikarudishwa kwa sababu jina langu halipo kwenye sanduku la barua, lipo la mume wangu tu, na mi natumia jina la baba yangu. Tarehe ikapita. Nilipomwambia akanijibu, "we kazi yako humu ndani nini kama hata barua huwezi kufuatilia." Dada, ufunguo wa hilo sanduku sina. Na Jumapili iliyopita jirani wa chini kapanda kugonga mlango kanifokea kisa natwanga thomu. Nililia mpaka kichwa kikauma. Nikirudi Tanga nitakuwa nimeikimbia ndoa? Mwana wa Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama palepale kwenye ufunguo, kwahiyo naanza na hapo.

Kwetu barua ina S.L.P., mara nyingi ni ya shule au ya ofisi ya mtu, unaenda kuichukua au unaletewa na anayepita njia hiyo, jina lako mlangoni halina kazi kwa sababu mtaa mzima unajua kwa mwalimu ni wapi. Ujerumani sivyo. Jengo lina namba lakini nyumba za ndani ya jengo mara nyingi hazina namba, mtu wa posta anasoma majina kwenye masanduku, asipoliona jina barua inarudi ilikotoka, hagongi kuuliza. Kwahiyo leo, usisubiri kesho, chukua karatasi andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike kwa selotepu kwenye sanduku na kwenye kengele chini ya jina la mumeo, halafu muombeni mwenye nyumba au msimamizi wa jengo awatengenezee kibao cha majina yote mawili. Na ufunguo uchongeshe wa pili, hela kidogo tu.

Kisha iandikie ile ofisi imeili ueleze kilichotokea na uombe tarehe nyingine, nakala utunze. Muhimu zaidi angalia kibali ulichonacho kinaisha lini, ombi liingie kabla hakijaisha, ukiwahi hivyo cha zamani kinahesabika kinaendelea mpaka wakuamulie na wanakupa karatasi ya kuonyesha. Watu wengi wanahangaika kwa kuchelewa siku chache tu hapo. Na mkiona bahasha ya njano msiiweke juu ya friji mkaisahau, hiyo ni ya mahakama au ya serikali, mtu wa posta anaandika tarehe juu yake na siku za kujibu zinaanza kuhesabiwa tangu tarehe hiyo, umeifungua hujaifungua.

Fangasi. Hapa niwaambie wote wawili, hakuna mwenye kosa. Nyumba ya Tanga inapumua yenyewe, madirisha ya nyavu, upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule. Nyumba za kule zimezibwa ili joto lisitoke, kwahiyo mvuke wa kupika, wa kuoga, wa nguo, hata wa pumzi zenu mkilala, hauna pa kwenda, unakwenda kugandia kwenye ukuta wa baridi kuliko wote, na ukuta huo ni ule wa nje uliofichwa na kabati. Fanya hivi, fungua madirisha yote wazi kabisa dakika tano mpaka kumi, ya upande huu na ya upande ule hewa ipite, asubuhi, ukimaliza kupika, na kabla ya kulala, wakati huo hita umeifunga. Ukishafunga dirisha washa hita tena. Kinachomwaga hela ni ile kuinamisha dirisha likae nusu wazi kutwa nzima, ukuta unapoa, fangasi inazidi na bili inapanda, hapo mumeo ana haki kidogo. Kabati lisogezwe mbali na ukuta kama upana wa kiganja, na chumba cha kulala msizime hita kabisa. Halafu piga picha za ule ukuta, mwandikieni mwenye nyumba sasa hivi, kwa maandishi, kwa sababu mpangaji anatakiwa kutoa taarifa ya kasoro mara tu anapoiona, mkikaa kimya mtakuja kubebeshwa nyie. Kama ukuta wenyewe ndio mbovu kutengeneza ni juu yake, na akikataa karibu kila mji una chama cha wapangaji, unalipa ada ya uanachama wanakusomea mkataba na kukuandikia barua.

Jirani yako hakupaswa kukufokea, ila Jumapili kule ni siku ya kimya, kama ilivyo kila usiku kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hutoboi ukuta, hutwangi, maduka yenyewe karibu yote yamefungwa. Kinu kiwekee taulo lililokunjwa chini, thomu ya wiki nzima itwange Jumamosi mchana uiweke kwenye friji. Na siku moja mshukie na maandazi ya moto ujitambulishe jina, mtu aliyekwisha kukujua jina anagonga kwa namna nyingine.

Sasa lile neno, "we kazi yako humu ndani nini." Limeniuma na mimi. Ulikuwa na darasa, watoto wanakuamkia njiani, mshahara wako mwenyewe, ukaviacha kumfuata, halafu unaulizwa kazi yako nini na mtu ambaye funguo zote ziko mfukoni kwake. Anatakiwa kukuomba msamaha na mwambie hivyo, kwa utulivu, siku ambayo hajatoka shifti ya usiku. Lakini pia najua jinsi mwanaume anavyofika hapo. Miaka miwili peke yake, kila karatasi kaisaini yeye, kila foleni kasimama yeye, kazoea kuwa baba na mama wa ile nyumba, ukaja akakwambia pumzika mke wangu, na akadhani hiyo ndio heshima. Kumbe kakuweka sebuleni kama mgeni, na mgeni hata akikaa mwaka hajui chumvi ilipo.

Mimi yalinipata hukohuko Ujerumani, mji wa Bochum, mwaka wangu wa kwanza. Mume wangu aliumwa akalazwa siku tisa, ndio nikagundua sijui kodi inalipwa tarehe ngapi, sijui mwenye nyumba anaitwa nani, sina kadi ya benki, barua zinaanguka mlangoni nazipanga mezani kama karata maana hata kusoma sijui. Nilikuwa naogopa simu ikilia. Alipotoka hospitali hatukugombana, tulikaa chini tu tukalia wote wawili, na tangu wiki ile faili la nyumba tunalifungua pamoja, mpaka leo, miaka 17.

Na nyinyi fanyeni hivyo. Siku yake ya mapumziko, kwa muda wa saa moja, chai mezani, faili liko katikati. Mkataba wa nyumba akusomee, ujue kodi tupu ni ngapi na ya maji na hita ni ngapi, maana ile ya pili inakuja kupigwa hesabu mara moja kwa mwaka na mkiwa mmetumia zaidi mnadaiwa nyongeza, bora muanze kuiwekea akiba mapema. Ile ada ya redio na televisheni ni euro 18.36 kwa mwezi na inalipwa kwa nyumba, siyo kwa kichwa, kwahiyo ikija barua yenye jina lako usilipe mara ya pili, jibu kwamba mumeo analipa uandike namba yake ya malipo. Na hela ya kutuma nyumbani isemwe hapohapo, kwao ngapi na kwenu ngapi, kwa sauti. Najua hujaitaja, lakini sijawahi kuona nyumba ya ugenini ambayo hiyo hela haimo ndani ya ugomvi hata kama ugomvi unaitwa dirisha.

Fungua akaunti yako ya benki, mtu yeyote anayekaa kihalali pale ana haki ya akaunti ya msingi. Kadi yako ya ukaazi nayo ikitoka isome, kibali cha mwenza kwa kawaida kinakuruhusu kufanya kazi, utaona Erwerbstätigkeit, yaani kufanya kazi, na mbele yake erlaubt, yaani imeruhusiwa, ukiona hivyo hakuna wa kukwambia hutakiwi kufanya kazi. Na kozi! Uliza ofisi hiyohiyo ya wageni kuhusu kozi ya wahamiaji, ya kawaida ina vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na maisha ya nchi, inakufikisha kiwango cha B1, yaani lugha ya kiwango cha kati, na madarasa mengi yanaendeshwa kwenye shule za watu wazima za mji. Hutatoka na lugha tu, utakuwa na pa kwenda asubuhi, utajua basi namba ngapi, utakaa na mwanamke wa Syria au wa Ukraine anayelia kwa sababu zilezile zako. Vyeti vyako vya ualimu vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa wakati unasoma, njia ya kutambuliwa kama mwalimu ni ndefu sitakudanganya, ila watu wa kulea watoto chekechea wanatafutwa sana, na wewe na watoto mnajuana. Ukikwama kwenye fomu, mashirika ya misaada kama Caritas, Diakonie na AWO yana washauri wa wahamiaji, ni bure.

Kuna jambo nalisema hata kama halikuhusu, wengine wanaosoma hapa linawahusu. Mume akikushikia pasipoti, akikufungia ndani, akikunyima hela ya chakula au akikupiga, hiyo siyo shida ya kuzoea nyumba. Namba ya msaada kwa wanawake ni 116 016, bure, saa 24, huulizwi jina. Hatari ikiwa imeshafika mlangoni piga 110, polisi.

Kurudi Tanga siyo kukimbia ndoa, na asikutishe mtu kwa hilo. Ila usiamue mwezi wa pili mdogo wangu, mwezi wa pili kule unamdanganya hata mwenyeji. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu saa zinasogezwa mbele, jua linakaa mpaka jioni, na wewe na mama yako mnabaki mmepishana saa moja badala ya mbili. Fika hapo ukiwa na jina mlangoni, ufunguo mfukoni na darasa la kwenda, halafu niandikie tena. Na hii umsomee mumeo yote, mpaka pale niliposema ana haki kidogo.

SWALI: Dada hujambo, mimi natoka Mombasa, mimi na mke wangu tumepata nyumba Dortmund, hukohuko Ujerumani, lakini mwenyewe ataka dipoziti ya miezi mitatu yote kwa mpigo, na jikoni hamna kitu kabisa, hata sinki hamna, waya za taa zaning'inia tu. Huyu si atutapeli? Baba Wawili.

JIBU: Sijambo kaka. Jikoni tupu siyo utapeli, nyumba nyingi kule zinapangishwa hivyo, mpangaji anayehama anang'oa jiko lake, sinki lake na taa zake anaondoka navyo. Muulizeni huyo anayetoka kama anauza, mara nyingi anawaachia kwa bei nzuri kuliko kubeba. Dipoziti sheria inaruhusu mpaka miezi mitatu ya kodi tupu, bila ya maji na hita, lakini sheria hiyohiyo inakupa kulipa kwa mafungu matatu, la kwanza mkataba unapoanza na mengine mawili kwenye kodi za miezi miwili inayofuata, kwahiyo mwambie kwa adabu mtalipa hivyo. Utapeli ni anayetaka hela kabla hamjaiona nyumba kwa macho yenu, yule anayesema yupo nchi nyingine na ufunguo ataleta kwa posta, huyo hata senti.

Mkishasaini, ndani ya wiki mbili tangu kuhamia mkajiandikishe ofisi ya mji, na mwenye nyumba lazima awape ile karatasi ya kuthibitisha mmehamia, bila hiyo hamwandikishwi. Mkataba uwe na majina yote mawili, lako na la mkeo, ndiyo mtawajibika wote kwa kodi, lakini na nyumba itakuwa ya wote. Siku ya kupokea funguo pigeni picha kila ukuta na namba za mita za umeme, maji na hita, mwenye nyumba akiwa amesimama hapohapo, na funguo za sanduku la barua hesabuni ziwe mbili.