Mlonge na ini la mdogo wangu

Mdogo wangu alipoanza dozi ya kifua kikuu, shangazi yetu alipanda basi kutoka Muheza akatuletea unga wa mlonge. "Baba, hivyo vidonge vinachoma ini," alimwambia. "Kunywa hii, itakukinga."

Hakuwa anabuni. Kati ya dawa nne za miezi 2 ya mwanzo, tatu zinaweza kuumiza ini: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Na mlonge umejaribiwa kweli. Mwaka 2002 watafiti wa India walichapisha matokeo ya panya waliopewa dawa za kifua kikuu pamoja na dondoo la majani ya mlonge. Maini yao yaliumia kidogo kuliko ya wale waliopewa dawa tupu. Nilisoma habari hiyo kwenye simu, nikafurahi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpimia kijiko asubuhi na jioni.

Neno nililolipita haraka ni panya. Panya wa maabara hupewa dondoo kwa kipimo kinachofuata uzito wake, na mwishoni ini lake hutolewa likachunguzwa. Unga wetu ulitwangwa kwenye kinu cha nyumbani. Kijiko kimoja kilikuwa na nini ndani yake, na kiasi gani? Hakuna aliyejua.

Wiki ya sita alianza kukataa chakula. Kichefuchefu, uchovu, maumivu chini ya mbavu za kulia. Tukasema mlonge unasafisha mwili. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, tukajituliza kwamba ni rifampisini. Ni kweli rifampisini huufanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, na ndiyo maana mkojo peke yake unadanganya. Siku 5 zilipita hivyo. Ya sita alitoka kuota jua, nikaona weupe wa macho yake umekuwa manjano.

Hospitalini walisimamisha dawa zote na mlonge pia, maana mitishamba nayo inaweza kuumiza ini, na daktari asingeweza kutenganisha kipi kimeleta nini. Vipimo vya ini viliposhuka, dawa zilirudishwa moja moja: rifampisini kwanza, kisha isoniazidi. Pirazinamidi haikurudi, na dozi ikarefushwa hadi miezi 9. Alipona. Zile siku 5 bado zinaniuma.

Kwa hiyo wewe unayeuguza mtu, mtazame macho kila asubuhi penye mwanga. Akikosa hamu ya kula au akianza kutapika, mpeleke siku hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Chukua vidonge vyake, na pakiti ya mitishamba usiifiche kwa aibu. Kwa daktari ni taarifa. Na kabla hajameza kidonge cha kwanza, mwambieni muuguzi kama anakunywa pombe au amewahi kuugua homa ya ini.

Figo nazo zisisahaulike. Miaka ya 1990 mwanzoni, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake walipewa mitishamba ya kupunguza unene iliyokuwa na mmea wa Aristolochia. Figo za baadhi yao zilikufa. Nayo ilikuwa mitishamba tu.

Shangazi bado anatuletea mlonge. Sasa analeta majani mabichi, tunayapika na nazi, tunakula na ugali.