Ukipangiwa Kazi ya Ratiba, Usiogope Kufungwa Novemba

Niliwahi kuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu katika chuo kidogo cha Marekani, na kazi niliyoachiwa ni ile ambayo wengine huikimbia: kutafuta mechi za Novemba na Desemba, kabla ya zile za konfarensi, yaani kundi la vyuo vinavyokutana kila msimu. Kama nawe umeajiriwa juzi na kocha mkuu amekutwisha mzigo huo, haya ndiyo ninayoyajua.

Kwanza elewa kamati ya uteuzi, ile inayochagua timu za mashindano ya taifa ya vyuo, inatazama nini. Tangu msimu wa 2020–21 timu za wanawake hupangwa kwa NET, orodha ya ubora wa timu, na ushindi hupimwa kwa nafasi ya mpinzani na mahali mlipochezea. Kumfunga nyumbani kwako aliye ndani ya 25 bora kunaingia daraja la kwanza, la ushindi wenye thamani kubwa zaidi. Ukimfuata kwake, inatosha awe ndani ya 45 bora. Kwa hiyo zoea kusafiri.

Timu kubwa zitakupigia zenyewe. Zitakulipa uende kwao, ufungwe, urudi. Kubali moja, maana pesa hiyo inalipia mabasi na hoteli. Lakini tatu ndani ya mwezi? Wasichana wakifungwa kwa pointi 50 mara mbili mfululizo wanaanza kuangalia saa badala ya mpira.

Wa kumsaka ni yule aliyekuzidi kidogo. Huyo ndiye mgumu kumpata, kwa sababu akikufunga hapati sifa na ukimfunga anaona aibu. Ahidi kwenda kwake mwaka huu, naye aje kwako mwakani, na mtie saini mapema. Faini ya kujitoa iwe ya kuuma. Nimeona mechi ikifutwa mwezi Agosti kwa barua pepe ya mistari miwili, wakati kila mtu ameshajaza ratiba yake. Akigoma kabisa kuja kwako, mwombe mkutane kwenye uwanja usio wa yeyote, katika mashindano ya siku za sikukuu ya Shukrani.

Kocha wako akihofia rekodi, mkumbushe Februari 2025. UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), ambao konfarensi yao ya Big East haiwapi wapinzani wengi wa kiwango chao, walikwenda mji wa Columbia wakaichapa Chuo Kikuu cha South Carolina 87–58 mbele ya mashabiki wake. South Carolina hawakupoteza chochote cha maana: kwenye mashindano ya taifa walipangwa namba moja katika kanda yao, wakafika fainali. Huko walikutana na UConn walewale na kufungwa 82–59, sawa, lakini nani angekataa kufika fainali? Dawn Staley, kocha wa South Carolina, angeweza kujaza tarehe ile na timu ya kuchezea tu. Miaka 30 kabla yake, Januari 1995, kocha Pat Summitt aliipeleka timu yake ya Tennessee, wakiwa namba moja, kwa UConn waliokuwa namba mbili. Alifungwa 77–66, na upinzani ule ukawa mechi iliyosubiriwa na nchi nzima.

Anza kupiga simu mapema, msimu ukiisha tu, ila subiri kwanza ijulikane makocha gani wamehama, maana kocha mpya mara nyingi hataki ahadi za aliyemtangulia. Na wiki ya mitihani ya Desemba usiweke mechi ngumu ya ugenini, hata wakikuongezea pesa.