Tachi haifi kwa kuguswa: kwa mnaoanza ufundi wa simu

Mdogo wangu uliyeingia kwenye ufundi wa simu hapa Kampala, kila siku utasikia mteja akisema kioo kimechoka kwa kuguswaguswa. Usimkubalie haraka. Tachi ya simu za sasa, yaani sehemu inayohisi kidole, haina kitu kinachosuguana. Chini ya kioo kuna tabaka jembamba mno linalopitisha umeme, na kidole kikikaribia hulibadilishia chaji yake, basi. Hata simu ya mtu wa boda inayoguswa kutwa nzima haitaharibika kwa sababu hiyo.

Tachi za kubonyeza, ambazo bado zipo kwenye baadhi ya mashine za ofisini, ndizo zinazochakaa kweli. Zina matabaka mawili yanayogusana kila unapobonyeza, na hudumu kwa idadi ya miguso: nyingine huhesabiwa kwa milioni chache, nyingine hufika hata milioni 35 mahali pamoja.

Kwa hiyo simu ikiletwa tachi ikiwa imegoma, tafuta muuaji mwingine. Anza na chaja. Chaja ya bei ya chini isiyochuja umeme vizuri hupeleka kelele za umeme, yaani umeme unaotetereka, ndani ya simu, na tachi huanza kucheza yenyewe: herufi zinajiandika, programu zinajifungua. Chomoa waya, ujaribu tena. Ikitulia, usimuuzie mtu kioo! Mwambie abadilishe chaja. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna watu wanaotoa pesa ya karo ya mtoto kununua kioo ambacho hawakukihitaji.

Kisha ilaze simu ubavu kwenye mwanga. Ukiona mwanya kama wa ukucha kati ya kioo na fremu, betri imevimba na inakisukuma kioo kutoka nyuma. Usikikandamize kirudi mahali pake, na usiipashe moto simu hiyo hata kidogo. Betri inaweza kuwaka. Itoe betri kwanza, kwa utaratibu, bila kuichokonoa kwa chuma.

Vumbi letu la murram nalo lina kesi yake. Ndani yake kuna chembe za mchanga ngumu kuliko kioo. Kioo cha simu huimarishwa kiwandani kwa kuzamishwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, uso wake ukabanwa. Mkwaruzo ukipita tabaka hilo lililobanwa, siku simu ikianguka ufa huanzia hapo. Protekta inasaidia sana, ila usiibandike juu ya vumbi. Kufuta, tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Petroli na tina (thinner) ya rangi hula ule utando unaozuia mafuta ya vidole, nao ukishatoka hauoti tena.

Kinachochoka kweli kwa matumizi ni mwanga. Mwenye boda anayefunga simu kwenye usukani, ramani ikiwa wazi juani na mwanga umepandishwa mwisho, baada ya muda ataona kivuli cha ramani kimebaki hata akifungua kitu kingine, hasa kama displei yake ni ya OLED, ile ambayo kila nukta hujitolea mwanga wake. Tachi itakuwa nzima kabisa. Kivuli hicho hakifutiki, kwa hiyo mwonyeshe mapema jinsi ya kushusha mwanga na kuzima displei anaposubiri abiria.