Mashine ilionyesha mita 420, tukachimba tukakuta kebo nzima

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mashine ya mwangwi ilikuonyesha hitilafu ya kebo ya ardhini kwenye mita 420, mkachimba na kukuta kebo haina kasoro. Yalinikuta hayo hayo kiwandani, kwenye kebo ya kilovolti 11, na vibarua walichimba siku nzima kabla sijakubali kwamba kosa lilikuwa langu.

Mashine hiyo haipimi umbali, inapima muda. Hutuma mpigo mfupi wa umeme na kusubiri sehemu yake irudi kutoka mahali impidansi ya kebo (kiasi kebo inavyoupinga mpigo unaopita) inapobadilika: waya uliokatika hurudisha wimbi lililoelekea juu, shoti hurudisha lililopinduka chini. Muda huo huuzidisha kwa kasi uliyoiweka wewe, kisha hugawa kwa 2. Yangu ilikuwa imeachwa kwenye mita 200 kwa mikrosekunde, kasi ya kebo za antena, kwa kuwa aliyeitumia kabla yangu alikuwa fundi wa mawasiliano. Mwangwi ulirudi baada ya mikrosekunde 4.2, nami nikaamini mita 420.

Nilipaswa kwanza kutuma mpigo kwenye fazi nzima, yaani waya usio na hitilafu, ya kebo ile ile (iliyozimwa na kutolewa chaji, bila shaka), ncha ya mbali ikiwa wazi. Kebo ilikuwa ya mita 1,200 na mwangwi wa ncha ulirudi baada ya mikrosekunde 14.1, yaani kasi halisi ilikuwa takriban mita 170 kwa mikrosekunde. Hitilafu ilikuwa mita 357, ndani ya kiungio kilichoungua. Ukiweza kuifikia hitilafu kutoka ncha zote mbili, ni bora zaidi: zidisha urefu wote kwa muda wa upande mmoja, ugawe kwa jumla ya nyakati mbili, na kasi huihitaji tena. Hata hivyo, mita hizo ni za kebo, si za ardhi, na mafundi huacha mizunguko ya akiba karibu na viungio.

Lipo jambo jingine. Ikiwa ukinzani wa hitilafu ni omu 1,000 na impidansi ya kebo ni omu 30, kinachorudi ni kama asilimia 1.5 tu ya mpigo, na huenda ulichokiona kwenye mita 420 kilikuwa kiungio kizima. Hapo utahitaji mashine ya kupiga volti kubwa. Tuambie mega, kile kipimo cha ukinzani wa kihami cha kebo, ilisoma ngapi, na kasi gani ilikuwa imewekwa.